Chupa Moja Kutoka Scotland: Ulinganisho wa Jini Kavu Tano na Jirani Yao Mmoja

Shemeji yangu, ambaye kazi humpeleka Edinburgh mara mbili kwa mwaka, aliniandikia ujumbe mfupi akiwa uwanja wa ndege: "Shem, begi limejaa, nina nafasi ya chupa moja tu. Nikuletee ipi?" Alikuwa amesimama mbele ya rafu ya jini za Scotland, kila chupa na lebo yake inayosimulia kisiwa, ufuko au ua la porini, na hapakuwa na lebo hata moja iliyomweleza alichotaka kujua, yaani kinywaji chenyewe kina ladha gani na kinafaa kunywewa vipi. Nilimjibu alete ile yenye chupa nzuri kuliko zote. Ilikuwa jini njema, lakini haikuwa ya kuzamishwa katika toniki nyingi kwenye joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari, na kosa hilo lilikuwa langu.

Tangu wakati huo nimezionja tano kwa utaratibu, nikaongeza ya sita kwa sababu hutajwa kila Scotland inapotajwa. Ninaandika kwa ajili ya mtu aliye mahali alipokuwa shemeji siku ile: ana fedha za chupa moja, anataka jini kavu, na hataki kulipia hadithi. (Naandika jini kwa maana ya kileo; yule wa chupa ya ngano za kale hahusiki, ingawa baadhi ya watengenezaji humkaribia kwa ahadi wanazozitoa.)

Neno "kavu" lina sheria nyuma yake

Wengi hudhani kwamba jini kavu ni ile inayowasha koo. Sivyo. Ukavu unaozungumzwa hapa ni kutokuwa na utamu. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, ambazo misingi yake imebaki pia katika sheria za Uingereza, kinywaji hakiwezi kuitwa jini kama kilevi chake hakijafika asilimia 37.5 na kama ladha inayotawala si ya juniperi. Na kikitaka kuandikwa kuwa ni kikavu, sukari iliyoongezwa haipaswi kuzidi gramu 0.1 kwa lita, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukitambua. Juu ya hapo kuna daraja kali zaidi, lile la London Dry, ambalo halimaanishi kwamba chupa imetoka London. Linamaanisha kwamba ladha yote imeingia wakati wa kukeneka, yaani kuchemsha kilevi na kukusanya mvuke wake, mimea ikiwa ndani ya mtambo, na kwamba baada ya hapo hakuna kinachoruhusiwa kuongezwa isipokuwa maji, kilevi kisicho na ladha, na sukari kidogo ndani ya ukomo niliokwisha kuutaja. Rangi hairuhusiwi kabisa. Daraja hilo linabana hata methanoli, kilevi chenye sumu, isizidi gramu 5 katika hektolita moja (lita 100) ya kilevi halisi, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kusikia habari za watu kupofushwa na pombe haramu ataliona kuwa si dogo.

Upande wa pili, maneno mawili yanayoonekana sana kwenye lebo hayana ulinzi wowote wa namna hiyo. "Jini ya Scotland" si jina linalolindwa kisheria kama wiski ya Scotland, na hakuna sheria inayosema kiwanda kidogo ni kidogo kiasi gani. Ndiyo maana ni vizuri kukumbuka kwamba Gordon's na Tanqueray, ambazo watu wengi huziona kuwa Uingereza tupu, hukenekwa Cameronbridge katika jimbo la Fife, ndani ya Scotland, kwenye kiwanda ambacho hakuna mtu angethubutu kukiita cha mafundi wachache. Nchi ya kutoka, peke yake, haikuambii kitu kuhusu glasi yako.

Juniperi nayo inastahili neno moja. Ni mti wa jamii moja na mtarakwa unaoota katika nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na kinachoitwa tunda lake kwa kweli ni koni ndogo yenye nyama, inayonukia utomvu wa msonobari na ganda la limau kwa pamoja. Scotland ina juniperi ya porini, lakini imepungua na inasumbuliwa na ugonjwa wa mizizi, kwa hiyo sehemu kubwa ya juniperi inayoingia kwenye mitambo ya Uingereza hutoka nchi za Mediterania na Balkani. Mtu anayetafuta jini iliyotengenezwa kwa juniperi ya nchi yake mwenyewe angeweza kubaki Nairobi, ambako Procera hutengenezwa kwa koni za mtarakwa. Hilo ni andiko la siku nyingine.

Hesabu ya nguvu

Kabla sijataja ladha, kuna tarakimu moja iliyonifaa kuliko maelezo yote ya lebo, nayo ni asilimia ya kilevi. Kati ya chupa nilizozilinganisha, Caorunn ina 41.8, Pickering's na NB zina 42 kila moja, Isle of Harris ina 45, na The Botanist ina 46. Mtu aliyezoea Konyagi yenye asilimia 35 atahisi kwamba zote ni kali, na kwamba tofauti ya pointi nne ni mchezo wa wataalamu. Hebu tuipige hesabu. Ukimimina mililita 50 za jini yenye asilimia 46 na kuongeza mililita 150 za toniki, kinywaji kizima kinakuwa na asilimia 11.5, ukifanya hivyo kwa jini ya asilimia 41.8, kinashuka hadi takriban 10.5, na hapo barafu haijaanza kuyeyuka. Kilevi ndicho kinachobeba mafuta ya mimea, na mafuta hayo ndiyo harufu na ladha. Kikipungua, kinachobebwa nacho kinapungua au kinajitenga. Katika mji ambao barafu hudumu dakika kumi, pointi nne hizo zinasikika.

Hesabu hiyo inasaidia pia katika bei. Chupa ya mililita 700 yenye asilimia 46 ina mililita 322 za kilevi halisi, wakati yenye 41.8 ina mililita 293 hivi. Tofauti ni kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo jini yenye nguvu ikizidi bei kwa sehemu moja ya kumi, hujalipia umaarufu. Umelipia kimiminika chenyewe. Ikizidi kwa nusu, jiulize nusu hiyo imekwenda wapi.

Namna nilivyozionja

Nilitumia glasi tatu kwa kila chupa, na ninamshauri mnunuzi afanye vivyo hivyo hata kama ana chupa moja tu, maana glasi hizi tatu huonyesha mambo tofauti. Ya kwanza ilikuwa jini tupu, bila barafu, kiasi cha kijiko cha mezani, ikinuswa kwanza huku mdomo ukiwa wazi kidogo ili kilevi kisichome pua. Ya pili ilizimuliwa kwa maji ya kunywa kiasi kilekile. Hapa ndipo kasoro hujitokeza: jini yenye ladha za kuazima huvunjika, ikabaki na ukakasi na harufu ya manukato, wakati jini iliyokenekwa vizuri hufunguka kama chumba kilichofunguliwa dirisha. Mara nyingine kioevu hupata ukungu mwepesi maji yanapoingia, kama maji yaliyooshewa mchele mara ya mwisho, na wapo wanaoirudisha chupa dukani kwa kuona hivyo. Wasifanye hivyo, kwa kuwa ukungu huo ni mafuta ya mimea yaliyokuwa yameyeyuka katika kilevi na sasa yamekosa pa kujificha. Glasi ya tatu ilikuwa ya toniki, sehemu tatu kwa moja ya jini, pamoja na barafu ya kutosha, nami niliionja mara mbili, mwanzoni na baada ya dakika kumi na tano mezani.

Pickering's na viungo vya kabati la jikoni

Ninaanza na hii kwa sababu ndiyo inayozungumza kwa ukaribu zaidi na pua ya mtu wa pwani. Ilianza kutengenezwa mwaka 2013 huko Summerhall, Edinburgh, katika majengo yaliyokuwa ya shule ya udaktari wa mifugo, na resipe yake imetokana na karatasi iliyoandikwa kwa mkono Bombay mwaka 1947, mwaka wa uhuru wa India. Ina mimea tisa: juniperi, giligilani, iliki, anjelika, shamari, anisi, limau, ndimu na karafuu. Orodha hiyo ukiisoma kwa sauti katika nyumba yoyote ya Unguja, mtu atauliza unapika nini.

Nilikuwa na wasiwasi nayo, kwa kuwa karafuu ni kiungo kisicho na adabu. Punje mbili zaidi na sufuria nzima inanuka daktari wa meno. Lakini katika glasi ya kwanza kinachotangulia ni limau na ndimu, kisha juniperi, na iliki inakuja kutoka nyuma kama inavyokuja katika chai ya rangi iliyotiwa punje iliyopasuliwa badala ya unga. Karafuu hujionyesha mwishoni tu, kwenye ufizi, baada ya kumeza. Glasi ya maji iliiongezea utamu wa shamari, utamu wa harufu usio wa sukari, na sikuona ukakasi. Katika toniki ilifanya jambo ambalo sikulitarajia: baada ya dakika kumi na tano, barafu ikiwa imekwisha, bado ilikuwa na ladha, kwa sababu viungo vya aina hiyo havitegemei baridi. Asilimia 42 si nyingi, na hapa inatosha.

Udhaifu wake ni upande wa juniperi. Mtu anayetaka jini inayonuka msitu ataona kwamba Pickering's imeegemea jikoni zaidi. Katika martini, kinywaji ambacho ni karibu jini tupu na hakina toniki ya kuificha, viungo vinakuwa vingi kidogo kwa kinywa changu, ingawa rafiki niliyemkaribisha alisema hiyo ndiyo glasi aliyoipenda kuliko zote jioni ile. Ipambe kwa ganda la chungwa, si kwa limau. Limau tayari limo la kutosha.

The Botanist na hesabu ya mimea thelathini na moja

Hii nilitamani kuikosoa. Jini inayotangaza mimea 31 inamfanya mtu mzima ashuku, kwa maana hakuna ulimi unaoweza kutenganisha ladha 31, na mara nyingi orodha ndefu ni njia ya kuficha ukosefu wa uamuzi. Hutengenezwa Bruichladdich, kiwanda cha wiski katika kisiwa cha Islay, na lebo yake imeandikwa Islay Dry Gin. Tisa kati ya mimea hiyo ni ya kawaida ya jini, na 22 huchumwa kisiwani kwa mkono, mingine ikiwa ni jamaa wa nanaa na zaatari, mingine maua ya vichaka vinavyofunika nyanda zile. Majina ya Kilatini ya hiyo 22 yamechongwa juu ya kioo cha chupa, ukipitisha kidole unayahisi.

Kilichonibadilisha mawazo ni namna inavyokenekwa. Ile mimea tisa hulowekwa ndani ya mtambo pamoja na kilevi, lakini ile 22 laini haichemshwi. Huwekwa kwenye kasha lililo shingoni mwa mtambo, mvuke ukipita katikati yake na kuondoka na harufu. Mwenye kupika anajua tofauti ya majani ya nanaa yaliyochemshwa nusu saa na yale yaliyomwagiwa maji ya moto na kufunikwa. Mtambo wenyewe ni mzito na haupendezi, ni wa aina iitwayo Lomond iliyookolewa kutoka kiwanda cha Inverleven kilichokuwa kimefungwa, na wafanyakazi waliubatiza jina la Ugly Betty. Mkupuo mmoja huchukua takriban saa 17, polepole mno kwa biashara inayopenda haraka.

Glasi ya kwanza ilikuwa na ubaridi wa nanaa puani, kisha juniperi iliyo wazi, kisha kitu cha maua kisichofika kwenye manukato. Ladha ilidumu kinywani muda mrefu kuliko zote. Nilipoweka maji ikatanuka bila kulegea, na katika toniki asilimia 46 zilifanya kazi niliyokwisha kuieleza. Msomaji aliyesikia kwamba Islay ni kisiwa cha wiski zenye harufu ya moshi asiwe na hofu wala matumaini, kwani humu hamna moshi hata chembe. Kama kuna lawama, ni kwamba ukiinywa tupu bila kuizimua hata kidogo inachoma, na kwamba kiwanda hicho kimekuwa mali ya kampuni kubwa ya Ufaransa, Rémy Cointreau, tangu 2012, kwa hiyo mtu anayenunua ili kusaidia fundi mdogo atazame kwingine. Mimi nanunua kinywaji.

Caorunn, tufaha na unyenyekevu

Jina hili hutamkwa "ka-ruun", nalo ni neno la Kigaeli la tunda dogo jekundu la mti uitwao mrowani. Hukenekwa Balmenach, eneo la Speyside, tangu 2009, na mtambo wake ni wa aina nisiyoijua kwingine katika ulinganisho huu: mvuke wa kilevi hupitishwa ndani ya chemba ya shaba ya miaka ya 1920 yenye trei zilizotandazwa mimea, kwa hiyo hakuna kinacholowekwa kabisa. Mimea ni 11, mitano kati yake ikiwa ya huko: mrowani, ua la vichaka vya nyanda za juu, mhadasi wa kinamasi, dandelioni, na tufaha la aina iitwayo Coul Blush. Chupa ina pande tano chini kwa heshima ya mitano hiyo.

Matokeo ya njia hiyo ni usafi. Katika glasi ya kwanza na ya pili, Caorunn ilikuwa kavu kuliko zote kwa maana halisi: ilimalizika ghafla na kuuacha mdomo ukiwa msafi, ukitamani tone jingine, jambo ambalo Waswahili hulisema juu ya maji ya dafu. Lakini usafi huo una gharama yake. Toniki ya kawaida ilipoingia, na joto likafanya kazi yake, baada ya robo saa nilikuwa nakunywa toniki yenye kumbukumbu ya jini. Hili si kosa la mtengenezaji. Kinywaji hiki kimetengenezewa nchi ambayo barafu haina haraka. Mwenye jokofu zuri, toniki isiyo tamu na subira ya kutumia sehemu mbili badala ya tatu atafurahi nacho sana. Mapambo yake ni kipande cha tufaha jekundu, na hapa nakubaliana nao kabisa, maana tufaha huamsha kile kilichomo tayari.

NB, kwa anayetaka jini iwe jini

Herufi hizo mbili ni za North Berwick, mji wa pwani mashariki mwa Edinburgh, ambako waanzilishi walifanya majaribio ya kwanza nyumbani kwa jiko la presha na mabomba ya mfumo wa kupasha nyumba joto. Mtu wa kwetu akisikia hivyo anacheka, kwa kuwa anajua mitambo ya aina hiyo kwa jina jingine na anajua polisi huifanya nini. Leo kinachoandikwa kwenye lebo ni London Dry, daraja lile kali, na mimea ni minane tu, ikiwemo iliki na limau.

Sina mengi ya kusema juu yake, na hilo ni sifa. Juniperi mbele, limau pembeni, mizizi chini, mwisho. Iliki ipo kwa kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kama ipo. Katika martini ilizishinda zote isipokuwa The Botanist, na katika toniki ilikuwa ya kuaminika bila kushangaza. Mtu asiyejua mgeni wake anapenda nini aweke hii mezani.

Isle of Harris, ile chupa nzuri

Sasa nikiri: hii ndiyo niliyomwambia shemeji alete. Kioo chake kimefinyangwa mawimbi mawimbi, kizito mkononi, na sijui mtu aliyekitupa kilipokwisha. Yangu ni jagi la maji hadi leo. Kiwanda kilifunguliwa Tarbert, kisiwani Harris, mwaka 2015, na kama ilivyo kwa viwanda vingi vipya vya Scotland, jini ilikuwa njia ya kupata fedha huku wiski ikisubiri, kwa kuwa wiski ya Scotland haiuzwi kabla ya kukaa katika pipa miaka mitatu. Ya Harris ilitoka 2023.

Mimea ni tisa, kati yake danzi, pilipili ndogo yenye mkia, na mwani. Ndiyo, mwani, lakini si ule unaolimwa Paje na Jambiani kwa ajili ya viwanda vya nje; huu ni mwani mpana wa maji baridi, huvunwa kwa mkono na mzamiaji. Nilitarajia chumvi, na chumvi haipo. Kilichopo ni uzito fulani mtamu katikati ya ulimi, kama mchuzi uliotiwa tui jepesi, unaozungukwa na danzi chungu na giligilani. Glasi ya pili, ya maji, ilikuwa bora kuliko zote nilizoonja siku zote tatu. Glasi ya tatu ilikuwa ya kusikitisha, kwa kuwa utamu wa toniki ulifunika kile kile kinachoifanya iwe na maana. Wenyewe hupendekeza kipande cha balungi, na nimeona kwamba balungi na soda isiyo na sukari, kiasi kwa kiasi, huirudishia uhai wake. Katika zote tano hii ndiyo ya bei ya juu, na kwa asilimia 45 sehemu ya bei hiyo inaeleweka. Sehemu nyingine ni jagi.

Hendrick's, jirani asiye wa ukoo

Kila ninapotaja jini ya Scotland, mtu hutaja Hendrick's, nayo kwa hakika ni ya Scotland: ilizinduliwa 1999, hukenekwa Girvan na William Grant & Sons, kwa mitambo miwili ya aina tofauti ambayo mazao yake huchanganywa. Lakini tango na waridi, ambavyo ndivyo vilivyoipa jina, huongezwa baada ya kukeneka, kwa hiyo haiwezi kuingia katika daraja la London Dry, na wala haijidai. Ni jini laini, ya asilimia 41.4 katika soko la Uingereza, yenye harufu inayonikumbusha mrashi ukizungushwa ukumbini. Anayeipenda aendelee kuinunua. Anayetafuta ukavu ataona kwamba imevaa vizuri mno.

Toniki ndiyo inayoamua

Kuna kichekesho katika mambo haya yote. Mtengenezaji anabanwa na sheria asizidishe gramu 0.1 ya sukari kwa lita, anakesha saa 17 akikeneka taratibu, kisha sisi tunachukua kazi yake na kuimiminia toniki yenye gramu kadhaa za sukari katika kila mililita 100. Katika hoteli moja niliyofikia mwaka jana nililetewa jini ya gharama, kipimo cha mililita 25, ndani ya glasi ndefu iliyojazwa toniki hadi ukingoni na vipande vitatu vya limau vilivyokamuliwa. Hapo ungeweza kuweka jini yoyote, au usiweke.

Anayekunywa namna hiyo kwa hiari yake asinunue chupa hata moja kati ya hizi. Tanqueray, yenye mimea minne tu ambayo ni juniperi, giligilani, anjelika na likorisi, itapenya toniki tamu kuliko nyingi za bei mara mbili, na, kama nilivyokwisha kusema, nayo imetoka Scotland. Anayetaka kuonja alicholipia achanganye toniki nusu na soda isiyo na sukari nusu, atumie barafu kubwa, glasi ikiwa imekaa kwenye friji kabla, na aache limau sahani ya pembeni mpaka aonje kwanza. Chupa yenyewe isikae kwenye friza. Baridi kali hulaza harufu, na harufu ndiyo nusu ya bei.

Shemeji anaondoka tena Edinburgh mwezi ujao, na safari hii nimempa majina kabla hajafika uwanjani. Nimemwandikia The Botanist, si kwa mimea yake 31 bali kwa zile asilimia 46, na kwa kuwa ndiyo pekee iliyosimama katika glasi zote tatu. Kama haipo, alete Pickering's, nami nitainywa na soda na ganda la chungwa. NB aichukue kama anaileta kwa ajili ya baba mkwe, ambaye hunywa jini moja kila Jumapili jioni na hataki kuulizwa ina ladha gani. Amenijibu kwamba begi safari hii lina nafasi ya mbili.